Kura ya Bampa

Jumatatu, 3 Machi

Lori jipya la taka limefika manispaa. Utepe, makofi, soda za moto. Mkasi wa mkurugenzi uligoma kukata, ikabidi Injinia wa usafi atoe kisu cha mfukoni amsaidie. Sisi wahudumu wa madirishani tulitolewa nje tukapangwa nyuma yao kwa ajili ya picha. Mimi niliangukia nyuma ya mhasibu, na mhasibu anavyojua kutanuka, sidhani kama nitaonekana.

Sina ubaya na lori. Nimekaa Dirisha la Malalamiko miaka yote hii nikiandika hayo hayo: lori halijaja, lori limeharibika, lori limemwaga uchafu njiani. Leo lipo. La kijani, linang'aa, lina mtambo wa kubinya taka kule nyuma. Nilipaswa kushangilia kama wenzangu. Badala yake macho yakaenda moja kwa moja kwenye mabega yake. Mbona pana hivi?

Nikamfuata dereva, yule tunayemwita Taratibu, nikamuuliza kama limezidi lile la zamani. Akasema limezidi kidogo tu, kiasi cha kiganja. Akanionyesha kiganja chenyewe. Kile si kiganja, ni sahani.

Nimerudi nyumbani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Sijui nina nini.

Jumanne, 4 Machi

Kiganja kimetosha kutuharibia.

Asubuhi sijatoka hata, nikasikia lori linaingia uchochoroni kwetu. Hapa kila mtu anajua zamu yake lori likija. Wenye vibanda wanavuta meza, wenye baiskeli wanaziingiza ndani, Taratibu anakunja vioo vya pembeni, na utingo wake anatangulia mbele akitembea kinyumenyume, anamwita kwa mikono. Ndivyo tulivyoelewana na lile la zamani, likipita kwa kunyata. Leo vioo vimekunjwa, meza zimevutwa, likafika kati ya nyumba yetu na ya Fundi Cherehani, likasimama. Utingo akachungulia huku, akachungulia kule, akatikisa kichwa. Likarudi kinyumenyume mpaka barabara kubwa, tii-tii-tii, watu wote wanaliangalia. Taka za wenzetu wa ndani zimebaki milangoni mwao. Njia nyingine ya kuwafikia hakuna, uchochoro unaishia kwenye ukuta wa shule.

Humu hanisomi mtu, basi niandike ilivyo. Hapo pembamba tulipafanya pembamba sisi wenyewe, sisi na Fundi. Upande wetu ni bafu la Mama. Mama alivunjika nyonga kule choo cha uani, kwenye zile ngazi zenye utelezi. Chumba chake kiko mbele, na hakukuwa na pengine pa kumbandikia choo. Kaka akatoboa ukuta, tukatoka nje, tukala barabara kidogo. Ndani kuna kiti chake, kuna bomba la chuma la kushikilia, na fremu yake ya kutembelea inaingia na kugeuka bila kugonga popote. Anaingia mwenyewe, anatoka mwenyewe. Mtu asiyewahi kumbeba mama yake kwenda chooni hawezi kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Kisha Fundi naye, ng'ambo ya pili, akasogeza mbele chumba chake cha kushonea. Tukamwangalia tu. Tungeanzia wapi kusema?

Mama kaniuliza mbona lori limerudi bila kumaliza. Nikamwambia ni jipya, linajifunza njia. Akaniangalia vile anavyoniangalia nikidanganya.

Alhamisi, 6 Machi

Leo amekuja dirishani Mama Mapacha, jirani yetu wa kule ndani. Mtu tunayeazimana chumvi! Kasimama kwenye foleni kama wengine, zamu yake ikafika, akainama kwenye kitundu cha kioo. "Habari za kazi, dada. Nina malalamiko."

Dada. Nikajibu salama, karibu, malalamiko gani. Nami nikajitia simjui. Mhudumu wa dirisha la pili anatusikiliza, tungefanyaje?

Akasema lori halipiti, taka zina siku ya tatu, mbwa wanazitawanya, yule pacha mdogo ameanza kutapika. Akasema kuna kuta mbili zimetoka nje kupita kiasi, moja kushoto, moja kulia. Nikauliza ni za nani, maana lazima niulize. Akatupia jicho dirisha la pili, akasema kwa sauti ya chini, "Andika kushoto na kulia tu."

Nikaandika kushoto na kulia tu.

Kila malalamiko hupanda kwa Injinia jioni ile ile. Nimepanda ngazi nikafika mlangoni kwake, nikashuka. Nikanywa maji. Nikapanda tena, nikakuta kafunga mlango, nikafurahi kama mtoto aliyefungiwa shule. Mara akatokea nyuma yangu ametoka kunawa mikono. Ndivyo ilivyofika mezani kwake, nisijipe sifa.

Akasoma, akasema basi, hiyo ni kura ya bampa.

Nieleze, nisije nikazeeka nikasahau ujinga wetu. Uchochoro kama wetu hauna ramani. Ukienda na futi kamba, kila mtu anakutolea babu yake na mahali alipokuwa amesimama babu yake. Basi idara ya usafi ina njia yake, imeirithi, hakuna anayejua ilianza lini. Wanaleta lori lenyewe. Linaingia polepole. Ukuta utakaoguswa kwanza na bampa, ndio uliozidi. Mwenyewe anapewa wiki moja auvunje. Upande wa pili unasalimika, na hakuna rufaa, kwa sababu lori halina shangazi wala mjomba. Injinia hulisema hilo kila mara na hucheka mwenyewe.

Nikamshauri kwamba labda taka za kule ndani zitolewe kwa mikokoteni mpaka barabara kubwa. Akasema haiwezekani juzi tukate utepe, leo tuonekane na mikokoteni. Akauliza kama napafahamu mahali penyewe.

Nikasema napafahamu. Sikuongeza neno. Si uongo.

Ijumaa, 7 Machi

Harufu imefika kwetu. Inatangulia kabla hujafungua dirisha.

Kaka amekuja jioni. Nilipomweleza habari ya kura, kwanza akacheka, halafu akanivuta mpaka uani Mama asisikie. Anasema ni jambo dogo sana. Taratibu si ni mtu wangu? Si tunakunywa naye chai? Nimwambie tu alilaze lori upande wa Fundi. Kidogo tu. Hata lori lenyewe halitajua.

Nikamwambia siwezi. Akaniuliza siwezi au sitaki. Nikasema vyote. Akasema basi ofisi hiyo inatufaa nini sisi, mwaka wa ngapi huu naenda huko na hata ukuta mmoja wa mama yangu siwezi kuulinda. Akaniambia nitakuja kumbeba Mama mimi mwenyewe kwenye zile ngazi, yeye mgongo wake haufai tena.

Anajua pa kunigonga. Tangu utoto anajua.

Nimefagia ua wote kwa hasira. Fagio limekatika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Fundi kuchukua sketi yangu ya kazi. Ningeweza kumtuma mtu. Nimekwenda mwenyewe, sijui nilitaka kuona nini. Nadhani nilitaka nikute ukuta wake ni wa upuuzi, wa anasa, roho initulie.

Ukuta umebeba paa. Boriti nzito inatoka nyuma inakuja kulala pale pale juu yake. Chini yake kuna cherehani mbili na meza ya kukatia, na wasichana wawili wanaojifunza, wanashona wameinamisha vichwa, migongo yao inakaribia kugusana. Ukivunja ukuta, paa linashuka. Paa likishuka, hana chumba. Na asipokuwa na chumba hana kazi, maana ile nyumba ya nyuma ina mkewe na wanawe na wakwe, hakuna hata pa kuweka kiti.

Alikuwa anang'ata uzi. Akasema bila kunitazama, "Binti, nasikia wanakuja kupima."

Nikasema ndiyo.

"Watapima kwa haki?"

Nikasema watapima kwa bampa. Akacheka mpaka sindano ikamdondoka, wasichana wakaitafuta chini. Halafu akauliza Mama anaendeleaje, nyonga inamsumbua siku za baridi? Nikasema kidogo. Akasema Mama akikosa wa kumpeleka kliniki amtume mtu kwake, yeye yupo.

Ni yeye aliyembeba, siku ile ya ngazi. Kaka alikuwa safarini, mimi nilikuwa kazini, na gari la wagonjwa lilikwama kule mwanzo wa uchochoro kwa sababu kulikuwa na mkokoteni wa mtu. Fundi akamtia Mama mgongoni, akakimbia naye hadi barabara kubwa, futi kamba yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Mama hulisimulia hilo kila mgeni akija, na kila mara anaongeza kwamba alikuwa anahema kama punda, maskini.

Sketi imenikaa vizuri. Najichukia.

Jumapili, 9 Machi

Mvua asubuhi. Taka zimelowa, maji meusi yanapita mbele ya mlango.

Nimeamka sikumkuta Mama kitandani wala bafuni. Nikamkuta uani, juu ya zile ngazi, ameishika fremu kwa mikono miwili, anaangalia chini. Hajashuka. Anaangalia tu, mguu mmoja ameusogeza mbele kidogo halafu akaurudisha.

Nikasema Mama, unafanya nini?

"Mazoezi."

Mazoezi ya nini, nikamwambia, una choo ndani. Akasema anajua ana choo ndani, yeye si mtoto, na masikio yake hayakuvunjika, kilichovunjika ni nyonga. Kumbe siku ile uani alitusikia. Nikataka kumshika mkono, akauondoa. Nikasimama nyuma yake kama mlinzi wa benki, nisijue niweke wapi mikono. Akaangalia zile ngazi muda mrefu. Mwisho akageuza fremu, polepole, akarudi ndani. Alipofika mlangoni akasema zinateleza.

Basi. Akaniagiza nipanguse miguu ya fremu, ilikuwa imelowa.

Nimelia jikoni, nimemaliza, nimepika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda yadi ya magari. Nilijiambia naenda kuuliza ratiba ya wiki, maana watu wananiuliza dirishani. Ratiba ninayo mezani, imebandikwa mbele ya pua yangu.

Taratibu alikuwa anapaka grisi. Nikaanza: habari ya lori, linakwendaje, breki je, usukani je. Nikazunguka mbuyu mpaka nikachoka mwenyewe. Akapangusa mikono, akaniambia, "Dada, kila palipo na kura watu wananijia. Mmoja aliniletea kuku. Mwingine alinitumia mke wa binamu yangu."

Nikamwambia mimi sikuja kwa hilo.

Akasema sawa, hukuja kwa hilo. Lakini nisikie. Yeye mbele hapaoni. Pua ya hili jipya ni ndefu, akikaa kwenye usukani anaona paa za watu na anga, bampa halioni kabisa. Anafuata mikono ya utingo tu. Akiambiwa huku, anakwenda huku. Ukitaka kuhonga mtu, akasema, honga mikono. Akacheka, akarudi kwenye grisi yake.

Basi mikono nimeitafuta. Naandika hili na uso unaniwaka moto. Nimemtafuta yule utingo yadi nzima, sijui ningemwambia nini, lakini nimemtafuta. Nimeambiwa ana homa kali, amepelekwa kwao tangu jana.

Nilishusha pumzi. Sijui kwa furaha au kwa nini.

Jumanne, 11 Machi

Imepangwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Injinia mwenyewe atakuwepo.

Mama Mapacha amekuja tena. Safari hii hakupanga foleni, alikuja pembeni ya kioo, kanga imemkaa ovyo, macho mekundu. Pacha mdogo amelazwa, ametundikiwa maji. Daktari kauliza wanaishi wapi, wanatupa wapi taka, akatikisa kichwa. Nikamwambia pole sana, jirani. Nilimwita jirani, mbele ya wote, dirisha la pili wasikie wakipenda.

Akasema, "Mimi sitaki ukuta wa mtu. Nisikie vizuri. Sitaki ukuta wa mama yako wala wa Fundi. Nataka lori lipite."

Nikasema nimekuelewa. Akasimama bado. Nikamuuliza kama kuna lingine la kuandika. Akasema hapana, amechoka tu, anapumzika kidogo, ndani ya ofisi hii kuna feni.

Nimemletea kiti.

Jumatano, 12 Machi

Sikukaa leo. Kila nikikaa nainuka. Bosi wa madirisha ameniuliza kama kiti changu kina miiba.

Niliamua asubuhi: namwambia Injinia. Namwambia ukuta wa kushoto ni wa mama yangu, naishi humo humo, niondoe kwenye jambo hili, mtafute mtu mwingine afuatilie. Ni maneno machache tu, nimeyasema mbele ya kioo cha bafuni yakatoka vizuri. Nikapanda. Alikuwa kwenye simu, akaninyooshea kidole nisubiri. Nikasubiri. Akacheka na simu, akazunguka na kiti, akanigeuzia mgongo. Nikahesabu mafaili ya kabatini. Nikashuka.

Kaka amepiga simu mara nne. Sikupokea. Ya tano nikapokea, akakata.

Mama ameoga jioni, ameoga muda mrefu sana. Nimesikia anaimba humo ndani. Haimbi siku hizi.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika haraka. Mwandiko mbaya, sababu zipo.

Saa nne kamili, lori mwanzo wa uchochoro. Injinia ameshuka na kofia yake ya plastiki. Nilikuja nao, maana malalamiko yalipita dirishani kwangu na mwenye dirisha lazima ashuhudie, ndiyo desturi. Uchochoro mzima umetoka. Meza zimevutwa, baiskeli zimeingizwa, hata watoto wamekaa kimya. Taka sasa zimefika kiunoni kule ndani. Mama Mapacha amesimama juu ya kizingiti cha mtu, pacha mkubwa mgongoni. Mdogo bado yuko hospitali.

Mama alikuwa amekaa mlangoni kwetu na gauni lake la kutokea, nywele amechana. Kaka nyuma yake. Fundi ng'ambo, amekunja mikono kifuani, wale wasichana wake wamejibanza mlangoni na mkasi bado mkononi mwa mmoja. Wakasalimiana, Mama na Fundi. Umeamkaje, nimeamka salama, wewe je, namshukuru Mungu. Kama siku yoyote.

Taratibu akachungulia dirishani. Nani ananiita?

Injinia akatazama huku na huku. Utingo anaumwa. Utingo wengine wako na malori yao kwingine, na yeye mwenyewe ndiye mwamuzi, hawezi kuongoza. Kanuni inasema anayeongoza gari la manispaa awe mfanyakazi wa manispaa. Akanitazama.

"Bi dada, wewe si ulisema unapafahamu hapa?"

Nilifungua mdomo. Huo ndio ulikuwa wakati wenyewe wa kusema. Nilimwangalia Fundi, maana yeye alikuwa na haki ya kulisema kuliko mimi: huyu ni mwenye nyumba, huyu hafai. Aseme tu, yaniishe! Fundi akasema, "Afadhali yeye. Mimi namwamini yeye kuliko hilo bampa lenu."

Watu wakaitikia. Kaka akaangalia chini, lakini nilimwona mdomo unamcheza. Alikuwa anajizuia asicheke. Aliona Mungu amejibu.

Basi nikasimama mbele ya lori. Nikaanza kurudi nyuma, mikono juu, namwita. Njoo. Njoo. Lile dude linakuja na joto lake usoni mwangu, linanguruma, kioo chake kinaangaza jua hata uso wa Taratibu siuoni. Njoo. Anafanya ninachofanya. Nikiinamisha mkono kidogo, pua inainama na mkono. Mtu mzima na chuma chote kile wananifuata kama mbuzi na kamba. Sikuwahi kuwa na nguvu namna hiyo maishani, na sitaki tena.

Tukafika. Pembe moja ya bampa kwetu, pembe nyingine kwa Fundi. Nilipochungulia kushoto niliona mwanga mwembamba. Nilipochungulia kulia, mwanga ule ule, na hatua moja mbele kuta zinabana kuliko upana wa bampa. Nimelileta katikati kabisa, bila kujua, kwa woga tu. Hakuna uliozidi, au zimezidi zote mbili, sijui. Nikiuvuta mkono wa upande huu, linakwenda kwa Fundi. Nikiuvuta huu mwingine, linakuja kwa Mama. Nikiacha yote miwili wima, linasimama.

Nikaiacha wima. Likasimama.

Injinia akasema vipi? Endelea. Sikuendelea. Nikahisi watu wote wanaangalia vidole vyangu. Mama peke yake hakuangalia, alikuwa anaangalia juu, kwenye uzi wa nguo, kama mtu anayefikiria mvua. Jasho likaniingia machoni. Nikasema naomba dakika moja. Nikapita mbele ya Mama, nikapita chumbani kwake, nikaingia bafuni, nikasukuma komeo.

Ndipo nilipo. Nimekaa kwenye kiti chake. Daftari lilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa begani, sikujua hata kama ninao.

Lori linanguruma upande wa pili wa ukuta huu. Kioo kidogo cha ukutani kinatetemeka, sabuni imedondoka. Nikiweka kiganja kwenye matofali nayasikia mpaka kwenye meno. Nusu tofali tu kati yangu na bampa.

Nasikia Injinia anauliza huyu kaenda wapi. Anauliza nyumba hii ni ya nani mbona anaingia kama kwake. Uchochoro mzima unajua, na hakuna anayejibu.

Sasa anajibu Fundi. Anasema ameomba msalani tu, mkubwa, wanawake wana mambo yao, mvumilie kidogo.

Fundi!

Kaka yuko kwenye tundu la hewa hapa juu. Ananong'ona. Mkono mmoja tu, dada. Kidogo tu. Umpungie kama unafukuza nzi. Nimemwambia aondoke. Hajaondoka, naona vidole vyake.

Mama Mapacha naye namsikia, anamwambia mtu kwamba saa sita ndio mwisho wa kuwaona wagonjwa.

Ningetoka niseme ukweli. Injinia, hii ni nyumba yetu. Atanitoa, ataweka mtu mwingine, na mtu mwingine ana mikono miwili kama mimi, na lori litagusa tu, lazima liguse, hakuna namna halitagusa. Ningetoka nilivute kwetu. Fundi aliyembeba abaki na paa lake, na mimi nimrudishe Mama kwenye ngazi. Ningetoka nilivute kule, nimwangalie usoni kila siku nikienda kazini na sketi aliyonishonea. Nimeyaandika yote matatu na hakuna hata moja ninaloweza kulifanya kwa mikono hii.

Honi. Taratibu hapigi honi kamwe. Sasa amepiga.

Fremu inakuja. Naijua sauti yake kwenye sakafu, tok, halafu kuburura, tok, halafu kuburura. Inakuja upande huu. Mama amesimama nje ya mlango. Anahema. Nilijua atakuja, nilijua atakuwa na la kusema, yeye ndiye mwenye bafu, yeye anajua lipi ni lipi, aniambie tu nivute mkono upi na nitauvuta, naapa nitauvuta.

Anagonga.

Nimesema ndiyo Mama, sema.

Anasema nitoke, amebanwa.

Nimemwambia dakika moja. Anasema hana dakika moja.